Ng'ombe Si Shamba

Mwaka 1954 Jacques Maquet, mtaalamu Mbelgiji, alitoa kitabu juu ya Rwanda ya zamani. Humo aeleza ubuhake: mnyonge alijiweka chini ya bwana, akamtumikia, bwana akampa ng'ombe na kumlinda. Maziwa yalikuwa ya mtumishi, lakini ng'ombe alibaki wa bwana. Kazi ya Maquet ni ya bidii na utaratibu, nasi twaisifu. Lakini anapoyafanya mapatano hayo kuwa nguzo ya nchi, na kuyaita ukabaila kama ule wa Ulaya, yafaa tupime.

Ulaya ya kale, bwana alimpa mpiganaji wake ardhi pamoja na watu walioilima. Japani nayo ilikuwa na wapiganaji walioapa kwa mabwana. Marc Bloch, katika kitabu chake cha 1939 na 1940, alionyesha tofauti: kiapo cha Mjapani kilikuwa utii zaidi, cha Mzungu kilikuwa mapatano zaidi. Lakini pande zote mbili walioapa ni watu wa silaha. Mkulima wa ngano na mkulima wa mpunga hawakuulizwa, walilima tu.

Basi mwenzao wa Rwanda ni nani? Si mpokea ng'ombe. Ni mtu wa uburetwa, aliyemfanyia mkubwa wa ardhi kazi bila malipo, kwa sababu ya shamba alilolikalia. Hayo hayakuwa mapatano. Claudine Vidal mwaka 1969, na Catharine Newbury mwaka 1988, walisaidia kuturudisha kwenye ardhi na kazi.

Mwaka ule ule wa 1954 mwami Mutara III Rudahigwa alifuta ubuhake. Ng'ombe wakagawanywa, ila malisho yakabaki mikononi mwa mabwana. Mwenye ng'ombe wake akarudi kwa bwana yule yule kuomba majani.

Nasi wa Mangobo tusidhani hayo ni ya majirani tu. Mwaka 1887, huko Zanzibar, Tippo Tip aliahidiana na wajumbe wa mfalme Leopold II, akawa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu. Wakubwa walipatana, wakaaji wa mtoni hawakuulizwa.

Kosa la jina si dogo. Ukiita mzigo mapatano, umemfanya aliyeubeba kuwa ameukubali. Basi, ndugu msomaji, ukisoma habari za mabwana na ahadi zao, uliza kwanza: shambani alikuwa nani?