Kumrejesha Bwana Msa Sokoni: Uchapishaji Upya wa Riwaya za Upelelezi na Msomaji wa Kariakoo

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili iliingia ulimwenguni kupitia mashindano. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58, na East African Literature Bureau ikaitoa kitabu mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hivyo ni vitabu saba vya mpelelezi mmoja mwenye kiko chake, akifuatana na rafiki yake Najum. Wahakiki wamezoea kumwita Sherlock Holmes wa Unguja. Ulinganishi huo una ukweli, ila umerudiwa mno hata umewazuia wengi kumtazama Bwana Msa mwenyewe.

Mfululizo huu ulitawanyika tangu mwanzo. Kitabu cha kwanza kilikuwa mikononi mwa Bureau, cha pili kwa Evans wa London, na vinne vilivyofuata kwa East African Publishing House ya Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Bureau nayo ikaondoka na mrithi wake akawa wa Kenya. Msomaji wa Dar es Salaam akaachiwa vipande. Kando ya barabara za katikati ya jiji na za Kariakoo, ambako vitabu vikuukuu hutandazwa chini juu ya turubai, mtu hupata kile kilichojaliwa kufika siku hiyo. Kitabu cha tano chaweza kutangulia cha kwanza, au kisipatikane kabisa. Kuchapisha upya, kwa hiyo, kungekuwa ni kuuweka mfululizo pamoja kwa mara ya kwanza, jambo lililo zaidi ya kurudisha kilichokuwapo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu wakati umezibadili riwaya zenyewe. Abdulla aliandika Mzimu juu ya Unguja ya siku zake. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalikuwa hayajatokea. Msomaji wa leo anaishika kama riwaya ya kihistoria, ingawa mwandishi hakuikusudia hivyo. Mambo yaliyoeleweka bila kusemwa, kama vile nani ana shamba, nani anaitwa Bwana, na nani anangoja barazani hadi aitwe, sasa yanadai maelezo. Hali hiyo si ya Abdulla peke yake. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) inamfikia kijana anayeuza simu za mkononi Mtaa wa Kongo, na simu iliyotajwa katika jina la kitabu ni ya waya, isiyoonyesha nani anapiga. Fumbo zima linaweza kumpotea kwa sababu ya chombo tu.

Mchapishaji hushawishika kurahisisha lugha ili kumsogelea msomaji huyo. Ushawishi huo una hatari kubwa kuliko unavyodhaniwa. Katika riwaya ya upelelezi lugha ni ushahidi: namna mtu anavyomwita mwenzake, neno analolikwepa, au adabu anayoizidisha, vyote ni nyayo ambazo msomaji anaalikwa kuzifuata pamoja na mpelelezi. Mfano ulio karibu ni neno mzimu lenyewe. Katika mazungumzo ya mjini leo, wengi hulisikia na kufikiri juu ya kivuli cha mfu kinachotembea usiku. Katika Kiswahili cha Abdulla, mzimu ni pia mahali, penye kupelekwa sadaka na kuogopwa, na maiti ya Bwana Ali inakutwa mahali hapo. Asiyejua maana hiyo anasoma jalada vibaya kabla ya kufungua ukurasa. Anayejua anaona mara moja hila ya muuaji, ya kujificha nyuma ya hofu ya watu. Tanbihi moja ya mistari miwili inatosha. Kubadilisha neno kungeubomoa msuko.

Njia ya Ben Mtobwa inatoa funzo la aina nyingine. Yeye alianzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam, akatoa kazi zake mwenyewe zikiwamo za mpelelezi Joram Kiango, na baadhi ya vitabu vyake vikaja kuchapishwa Nairobi na East African Educational Publishers. Mwandishi aliyekuwa karibu na soko aliujua msomaji wake, na hakuona haya kumwandikia. Wahakiki wa chuo kikuu waliuita uandishi huu fasihi pendwa, mara nyingi kwa sauti ya dharau, na dharau hiyo imechangia kuuacha bila matoleo yenye dibaji wala tarehe sahihi za chapa ya kwanza.

Kwa Abdulla, aliyefariki mwaka 1991, hakuna njia ya mkato. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inailinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, yaani hadi mwisho wa mwaka 2041. Vivuli vinavyotolewa kwenye mashine za stationery kwa ajili ya wanafunzi haviwalipi warithi chochote, wala havimhifadhii msomaji ukurasa uliokatika. Toleo halali litahitaji warithi, wachapishaji wanaodai haki za zamani na mhariri anayekijua Kiunguja, wote wakae meza moja wangali wapo wasomaji wazee wanaokumbuka shamba, baraza na mzimu vilivyokuwa.