Jina, Karatasi na Gundi: Uhakiki wa Naming the Money ya Lubaina Himid kwa Jicho la Rwamgasa

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa na umri wa miezi minne baada ya kufiwa na baba. Mwaka 2004, katika jumba la Hatton mjini Newcastle, alionyesha Naming the Money: maumbo bapa 100 ya mbao yaliyopakwa rangi, yenye kimo cha mtu, yakiwakilisha Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Wamo wapiga ngoma, wafinyanzi, mafundi viatu na wachora ramani.

Ni rahisi mtazamaji kuishia kwenye mavazi yenye rangi kali. Uzito wa kazi uko mgongoni, palipobandikwa karatasi ya hesabu yenye jina la asili, jina la utumwani, kazi ya zamani, kazi ya sasa na kile kidogo alichobaki nacho mtu huyo. Sauti zilizorekodiwa huyasoma maneno hayo ukumbini. Karatasi iliyozoea kumgeuza mtu kuwa bei ndiyo inayomrudishia utu. Kiswahili kinaona hapa jambo ambalo lugha nyingine huenda isilione: karatasi imebandikwa, na jina la pili nalo limebandikwa.

Msomaji wa Rwamgasa, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ana kipimo chake. Wachimbaji wadogo wametoka mikoa mingi, na mgawo kwenye duara huhesabiwa kwa mifuko ya mawe, si kwa ukoo. Ulinganisho huu una mpaka, kwani mchimbaji amekwenda kwa miguu yake na aweza kuondoka. Lakini jina la Kisukuma husafiri na ushahidi wake. Kulwa na Doto ni pacha. Mabula hutokana na mvua. Shija ni mtoto aliyefuata pacha. Shija akijitaja tu, hata akiwa peke yake shimoni, amekwisha kuwataja ndugu wawili.

Kwa kipimo hicho kazi ya Himid ina pengo. Mistari mitano haitoshi kueleza jina lilitokana na nini, hivyo jina la asili husikika kama sauti tupu. Yawezekana kutetea kwamba ukimya huo ni wa makusudi, kwa kuwa mtazamaji asiyeelewa huwekwa mahali pa bwana asiyejali kuuliza. Utetezi huo una nguvu Liverpool, kazi hii ilikohifadhiwa katika Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa. Hauna nguvu hiyo mbele ya mtazamaji anayeijua lugha ya jina.