HORIZONS-AMI: Heparini ilitwishwa mzigo

Tangu jaribio la BRIGHT-4 lichapishwe mwishoni mwa 2022, mashabiki wa bivalirudini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoshindana na heparini wakati wa kuweka stenti kwa mshtuko wa moyo, wamepata sauti upya: eti HORIZONS-AMI, jaribio la 2008 lililozilinganisha dawa hizo, ilikuwa sahihi muda wote. Haikuwa. Iliharibika kwenye karatasi, kabla mgonjwa wa kwanza hajapandishwa mezani.

Mnakumbuka makundi yalivyopangwa. Huku bivalirudini, na vizuizi vya glikoproteini, dawa za kuzuia chembe sahani zisishikane, vikiwekwa akiba kwa dharura. Kule heparini, na juu yake kila mgonjwa aongezewe kizuizi kama hicho, abciximab au eptifibatide. Vizuizi hivyo vilishajulikana kwa kutoa damu. Ni kushindanisha ngalawa mbili, moja umeijaza boriti, kisha ukamsifu nahodha wa ile tupu. Damu nyingi ilipotoka upande wa heparini, 8.3% dhidi ya 4.9%, alaumiwe nani? Jaribio halina jibu, maana hakuna kundi lililopangiwa heparini peke yake.

Watetezi husema hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya kawaida wakati ule. Sawa, basi semeni mlipima mazoea ya wakati ule, msitutangazie kwamba dawa moja imeishinda nyingine. Na hao wa bivalirudini wenyewe, takriban theluthi mbili walikuwa wameshadungwa heparini kabla ya kugawanywa. Nalirudia hili kila mwaka na nitalirudia tena.

Kuna na lile la kutia kifo, kiharusi na damu katika kapu moja. Matatizo ya moyo na kiharusi yalilingana, 5.4% na 5.5%, ushindi wote wa 9.2% dhidi ya 12.1% ulibebwa na damu. Na katika hesabu yao, uvimbe wa damu wa sentimita 5 kinenani nao ni damu kubwa. Wengi walichomwa kinenani. Mgonjwa mwenye uvimbe huo ataulalamikia wiki nzima, lakini atakuwa hai wa kulalamika.

Ugawaji ulikuwa safi, wagonjwa 3,602 si haba, na vifo vilipungua kweli upande wa bivalirudini, 2.1% dhidi ya 3.1%.

Lakini stenti zilizoziba ndani ya saa 24 zilikuwa 1.3% kwa bivalirudini na 0.3% kwa wenzao. Dripu ilizimwa utaratibu ulipoisha. Nusu ya dawa hiyo huondoka mwilini kwa takriban dakika 25, na klopidogreli, kidonge cha kuzuia chembe sahani, huchukua saa kadhaa kushika. Katikati hapo stenti mpya ilibaki bila mlinzi.

Wazee wa ISIS-2, jaribio la zamani la tiba ya mshtuko wa moyo, wasingefanya hivi. Katika jaribio hilo, lililochapishwa 1988, walikuwa na streptokinasi na aspirini, wakagawa wagonjwa 17,187 katika makundi manne: hii, ile, zote mbili, au dawa bandia tupu. Kila dawa ikatoa ushahidi wake yenyewe, na zote mbili kwa pamoja zikashusha vifo kutoka 13.2% hadi 8.0%. Tena wakapata nafasi ya kuwadhihaki wapenda kuchambua vikundi vidogo vya wagonjwa, kwa kuwagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa. Mpango huohuo ungemaliza ubishi wa 2008 siku ileile.

Badala yake tulisubiri Liverpool. Jaribio la huko, HEAT-PPCI ya 2014, liliweka vizuizi akiba pande zote mbili, bivalirudini na heparini: tofauti ya damu ikayeyuka, na heparini ikashinda kwa matatizo ya moyo, 5.7% dhidi ya 8.7%.

BRIGHT-4, huko China, ilitumia heparini peke yake upande mmoja, na upande wa pili bivalirudini iliyoendelea kwa dozi kamili saa 2 hadi 4 baada ya stenti. Nao walitia kifo na damu kapu moja, jambo nisilosamehe, lakini vifo pekee vilikuwa 2.96% kwa bivalirudini dhidi ya 3.92% kwa heparini, na stenti zilizoziba 0.37% dhidi ya 1.10%. Hayo nayakubali. Ila anayezima dripu mgonjwa akishuka mezani, kisha akanukuu BRIGHT-4, ametibu kwa dozi ya jaribio moja na kujisifu kwa takwimu za jingine.