Mchanga Kwenye Ndagala: Uhakiki wa Makala za Wanafunzi wa Mwambao wa Tanganyika

Ukifungua gazeti la shule katika mwambao wetu, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na kuteremka mpaka Nyanza-Lac, hukawii kukutana na makala inayoanza hivi: "Samaki ni kiumbe anayeishi majini. Samaki ana umuhimu mkubwa katika maisha ya binadamu." Hufuata faida za samaki, ya kwanza hadi ya tano, kisha madhara ya uvuvi haramu, kisha wito kwa serikali, na mwisho methali. Sarufi ni safi. Upatanisho wa ngeli hauna dosari. Lakini ni nani, asiyekuwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu, aliyeisoma hadi mwisho?

Twaona kwamba shina la tatizo ni kuchanganya tanzu mbili. Insha ya mtihani huandikiwa mtu anayelijua jibu tayari na ambaye analipwa kuisoma. Makala ya gazeti huandikiwa mtu asiyelijua jibu, aliyesimama uani wakati wa mapumziko, na mwenye uhuru kamili wa kufunua ukurasa unaofuata wenye vichekesho. Huyu hana haja ya kuambiwa kwamba samaki anaishi majini. Amekula ndagala jana usiku.

Tena huenda ametafuna mchanga. Hapo ndipo makala ingeanzia. Kila mtoto wa Rumonge anaujua mchanga ulio kwenye ndagala, na wengi hawajawahi kuuliza umefikaje. Umefika kwa sababu ndagala huanikwa ufukweni, juu ya mchanga wenyewe, ambako kuku hupita, mvua huwanyeshea, na sehemu ya mavuno huoza kabla ya kukauka. Kuanzia mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifundisha watu wa mwambao huu kuanika juu ya vichanja vya waya, vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja toka ardhini. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi, na mvua ikija ni rahisi kuwafunika. Kwa hesabu za FAO, bei ya kilo ya ndagala wa vichanjani ilipanda kutoka faranga 4,000 mwaka 2004 hadi 9,000 mwaka 2013.

Mwandishi mvivu atazinakili takwimu hizo na kupiga makofi. Mwanafunzi makini atajiuliza maswali. Je, faranga yenyewe haikushuka thamani katika miaka hiyo tisa? Ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilichotokana na vichanja, na kiasi gani ni ughali wa maisha tu? Halafu, ikiwa vichanja vina faida hivyo, ni kwa nini mama fulani wa jirani bado anaanika mchangani? Ni bei ya waya? Ni wizi? Au ana wateja wasiojali? Jibu halimo katika kitabu chochote cha maktaba. Limo ufukweni, na mwanafunzi anaweza kulifuata kwa miguu Jumamosi asubuhi, daftari mkononi, akaamkia kwanza kabla ya kuuliza. Mama mmoja aliyejibu vizuri anatosha kuibeba makala nzima.

Aidha, kuna suala la msamiati, nalo latuuma zaidi kuliko yote kwa kuwa ndiyo kazi ya idara yetu. Mwanafunzi wa Rumonge anajua maneno ambayo mwenzake wa Mombasa hayajui: mukeke, ndagala, sangala, lusenga. Akishika kalamu huyafuta. Mukeke anageuka kuwa "samaki", na lusenga unakuwa "chombo cha kuvulia". Amefundishwa kwamba Kiswahili chake cha sokoni ni kibovu, na kwamba Kiswahili sanifu kinatoka mbali, Dar es Salaam au Unguja. Sisi hatupingi usanifu hata kidogo. Pasipo usanifu gazeti la Rumonge lisingesomeka Kigoma. Lakini jina la samaki si kosa la sarufi. Iandikwe "mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka", na sentensi hiyo moja itakuwa imewafundisha wasomaji wa pande zote mbili za mpaka.

Chukua mfano wa usiku wa mbalamwezi. Wavuvi wetu huvuta ndagala kwa mwanga, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwani mwanga umetapakaa juu ya maji yote na samaki hawana sababu ya kuukusanyikia mtumbwi. Ndipo soko hubadilika, na bei nayo. Watoto wa wavuvi wanayajua haya kama wanavyolijua jina la baba yao, ilhali hatukumbuki kuyakuta katika makala yao hata moja. Wameyaona ni mambo ya kawaida mno. Mwenzao wa Gitega angeyasoma kwa mshangao.

Tukija kwenye ukweli wa habari, hapa lazima tuwe wakali. Makala juu ya jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura kwenye njia ya Rumonge, ni nyingi, na zisizopungua nusu husema kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sivyo. Walikutana Ujiji, na Mugere walifika pamoja baadaye, wakalala siku mbili kuanzia tarehe 25 Novemba 1871, tarehe iliyochongwa kwenye jiwe lenyewe. Vivyo hivyo kwa Gustave, mamba maarufu wa Rusizi aliyefanyiwa filamu mwaka 2004 na ambaye hakukamatwa. Idadi ya watu 300 inayotajwa kuwa ameua inazunguka toka makala hadi makala, bila yeyote kueleza ilihesabiwa na nani. Kisa cha mamba huyo kinavutia bila chumvi. Mwanafunzi akiandika "inasemekana", na aendelee: inasemwa na nani, na huyo aliona nini kwa macho yake?

Lipo jambo moja ambalo karibu magazeti yote hulikwepa, nalo ni ardhi. Uasi ulizuka pande hizi tarehe 29 Aprili 1972, watu wakauawa, na ukandamizaji uliofuata ukaua wengi zaidi nchini kote. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporudi, wengi wao kuanzia mwaka 2008, walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, ambao baadhi yao walipewa na serikali au walinunua kwa nia njema. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea mashauri mengi kutoka Rumonge. Watoto wa pande hizo mbili huketi dawati moja. Tena aliyezaliwa Tanzania mara nyingi ndiye mwenye Kiswahili fasaha zaidi darasani, huku akihangaika na Kifaransa, hivyo ukurasa wa Kiswahili huangukia mikononi mwake.

Walimu walezi wengi huiondoa makala ya namna hiyo kabla haijapigwa chapa, wakihofia ugomvi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo twaona kuna njia ya tatu kati ya kuiondoa na kuiacha ilivyo. Majina ya majirani na mipaka ya mashamba yao yatolewe. Neno lolote linalohukumu kabila au ukoo likatwe bila majadiliano. Mwandishi arudishwe kwa familia ya pili, akasikilize nayo inasema nini, kisha aandike maneno yake kwa urefu uleule. Na yabaki yale aliyoyaona mwenyewe: bibi anayeuonyesha mchikichi alioupanda kabla ya 1972, na baba mwingine anayeuonyesha huohuo, akiwa amechuma chikichi zake kwa miaka thelathini.