Karani Pearson Anakubali

Nilipoitazama Cash on Demand kwa mara ya kwanza, nilimshangilia mwizi.

Ni filamu ya Uingereza ya 1961, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa na kampuni ya Hammer kwa fedha kiduchu. Ilianzia kwenye televisheni kama tamthilia ya Jacques Gillies, The Gold Inside. Mwongozaji Quentin Lawrence alihama nayo, pamoja na waigizaji wawili, André Morell na Richard Vernon. Umaskini wa studio haujifichi: ukumbi wa benki ndogo, ofisi ya meneja, chumba cha fedha. Basi. Zimebaki siku mbili Krismasi ifike.

Meneja Fordyce, yaani Peter Cushing, anawatawala makarani wake kwa jicho. Kosa dogo la hesabu, ambalo limeshasahihishwa, analitumia kumtishia karani mkuu, Pearson, kwamba kazi hana. Kisha anaingia Kanali Gore Hepburn akijidai mkaguzi wa bima. Simu inalia; ni sauti ya mke wa Fordyce, amejaa hofu. Meneja asipotii, mke na mtoto wataumia. Kuanzia hapo saa ya filamu inakwenda karibu sawa na saa ya ukutani kwako. Kinachotisha ni adabu ya Morell: anaiba huku akimsuta mwenyeji wake kwa ukatili anaowatendea wafanyakazi.

Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilikaa mwaka mzima dirishani, katika ofisi ya mikopo midogo, chini ya bosi aliyehesabu dakika zetu za chooni. Kwa hiyo Cushing alipoanza kutoka jasho, nilicheka. "Mbane hapo hapo," nilisema, peke yangu chumbani.

Wengi humwona Fordyce kama Scrooge wa Dickens, bahili anayeongoka sikukuu ikikaribia. Sawa, ila mimi uongofu wake siuamini sana. Mtu aliyeponea mdomoni mwa simba humshukuru kila anayemwona. Tungemwona Januari!

Safari ya pili nilimtazama Pearson. Ameshagundua wizi, polisi wameshaitwa, na sasa Fordyce analia mbele yake, anamsihi awaambie polisi kwamba hakuna kilichotokea, asije akaua familia yake. Yuleyule aliyemtishia asubuhi. Na Pearson anakubali. Vernon haongezi chumvi, wala filamu haimpi hotuba. Bajeti kubwa ingetukimbiza barabarani kufuata magari; hapa kamera haina pa kwenda, inabaki na watu wazima wachache waliosimama ofisini, mmoja akiomba.

Bosi wangu angeniomba vile, ningemwacha aombe. Nimekirudia kipande hicho mara tatu, nikimtazama Vernon, si Cushing.