Majina Yaliyobaki Daftarini

Tamthilia ya Brian Friel, Translations, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Derry mwaka 1980, inawaonyesha askari wa Kiingereza wakipima ardhi ya Donegal, Ayalandi, mwaka 1833. Bun na hAbhann, yaani mlango wa mto, pageuzwa Burnfoot. Hapo mtazamaji huumia, na Friel astahili sifa.

Hata hivyo, mchezo unatuachia fikra kwamba jina la kale lilifutwa palepale. Sivyo. John O'Donovan, mzaliwa wa Kilkenny aliyekijua vema Kiayalandi, alizunguka nchi miaka ya 1830 akiwauliza wazee majina ya vijito na mabonde yao, akayatia daftarini. Kisha ramani zikachapwa kwa tahajia ya Kiingereza. Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili, likachapwa Glendalough: sauti ikabaki, maana ikaenda.

Kwangu hilo ni zito kuliko ujinga. Asiyejua hufundishika, ajuaye akafungia kabatini amekwisha kuamua. Basi anayekusanya majina ya vijito asiridhike na kuwauliza wazee. Aulize pia ramani itachapwa kwa tahajia ya nani.