Kipupwe cha Wageni: Juu ya Masomo Mafupi ya Tamthilia na Ngoma za Kitui na Makueni

Katika lugha yetu kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, baada ya masika. Vyuo vya Marekani vina kipupwe chao Januari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo cha Florida Presbyterian, ambacho sasa huitwa Eckerd, kilianzisha muhula mfupi wa mwezi huo. Tangu hapo imekuwa desturi ya vyuo vingi kuwapeleka wanafunzi ng'ambo kwa wiki tatu au nne, wasome somo moja tu. Tamthilia ni miongoni mwa masomo hayo, na London ni mahali pake hasa. Huko baridi haifungi milango ya majumba ya michezo, na mwanafunzi mwenye nauli na tiketi anaweza kutazama mchezo mpya kila jioni. Kwa London, basi, hatuna ugomvi na utaratibu huo. Makala haya yanauliza nini hutokea utaratibu uo huo unapohamishiwa Ukambani.

Mgeni wa Januari hufika Kitui wakati mvua ya vuli, ambayo mkulima wa huko huitegemea kuliko ya masika, imekwisha kunyesha au imekwisha kukosa kunyesha. Watu wamo mashambani na kunde zao na ndengu. Kilumi, ngoma ya mapepo na ya kuombea mvua, ambayo wanawake watu wazima ndio nguzo yake, huitwa na haja: ugonjwa usioeleweka, au mawingu yanayopita bila ya kutua. Haiitwi na ratiba ya chuo. Nyimbo za mwethya, yaani vikundi vya kazi ya ujima, nazo huhitaji kazi yenyewe: ardhi kavu, majembe, na makinga-maji ya "fanya juu" yanayochimbwa kati ya misimu. Ngui, ambaye ni mtunzi na kiongozi wa wimbo, hutunga kwa kuwatazama walio mbele yake, akamsifu huyu na kumsimanga yule. Pasipo jembe hapana mvivu, na pasipo mvivu wimbo umepungukiwa na maudhui yake, hata kama sauti ni ile ile.

Mwenyeji afanyeje? Yeye ni mkarimu. Atawaita vijana wa mbeni, watapiga ngoma na filimbi, watapindua miili yao hewani, na mgeni ataandika kwamba sanaa ya Wakamba ni sarakasi. Hakusema uongo, ameandika alichokiona. Lakini insha yake ikiingia maktaba itanukuliwa, na pengine atakayeinukuu ni mwanafunzi wetu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa na ngui hakuandika. Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe tuliitengeneza njia hiyo. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilizikusanya ngoma za makabila mbalimbali mbele ya watazamaji walioketi, saa ikijulikana. Mgeni hakubuni ngoma isiyo na msimu, aliikuta.

Ni kosa hata hivyo kudhani kwamba muda mfupi wenyewe ndio ubaya. Kundi la maigizo la Makerere lililoanza safari zake mwaka 1965 lilikuwa la wanafunzi waliotumia likizo kuzunguka Uganda na Kenya wakiigiza bure kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata na kundi lake mwaka 1974. Safari zilikuwa fupi, lakini wasafiri walikwenda kutoa, na mtazamaji aliyechoshwa aliweza kuondoka. Kamiriithu mwaka 1977 palikwenda mbali zaidi: wanakijiji waliusahihisha mchezo katika miezi ya mazoezi kabla serikali haijaupiga marufuku mwezi wa Novemba. Miezi hiyo haingeweza kuwa wiki nne.

Wala hatusemi msanii asiende ng'ambo. Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuandika *Kinjeketile* (1969) alipopata shahada ya uzamivu Berlin mwaka 1975, kwa tasnifu juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata ilitoka *Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi*, kazi inayomrudia msimulizi wa ngano. Wapo wanaomtaja Brecht hapo, na huenda wana haki. Lakini alikaa miaka, na mada aliyokwenda nayo ilikuwa ya kwao.

Januari ina faida moja tunayoikubali. Shule zinapofunguliwa, walimu wa Kitui na Makueni huanza mazoezi ya tamasha la drama, na humo mgeni angeweza kuona jinsi ngoma ya kijiji inavyokatwa na kushonwa upya ili itoshe dakika za waamuzi. Hilo ni somo la tamthilia kamili, nasi hatujaliandikia vya kutosha. (Atakayetafuta habari za zamani za Makueni azitafute chini ya Machakos, maana hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo.)

Tarehe, basi, na ipangwe na mwenyeji. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013, kipo Kwa Vonza, Kitui, ndani ya eneo lenyewe la ngoma hizi. Barua ya maombi ikifika hapo ikitaja Januari, ijibiwe kwamba nafasi ipo Septemba, na kwamba mwombaji aje na Kikamba kidogo na asikate tiketi ya kurudi kabla ya vuli.